Nyota Kwenye Pateni za Shangazi

Chumba cha Hati, Maktaba ya Chuo Kikuu
6 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na cherehani yako mnaendelea vizuri. Mimi, Mama Vumbi kama unavyoniita, ni mzima, ila napiga chafya toka asubuhi mpaka jioni kwa sababu hatimaye nimefikia sanduku la Babu. Nyaraka nyingine zote alizotukabidhi Baba nimeshazipanga: vyeti, picha, barua za kazini. Lililobaki ni lile bunda la chini kabisa, lililofungwa kwa kitambaa.

Shangazi, ndani yake kuna kitabu kikubwa cha kuandikwa kwa mkono, kurasa pana kama sinia, karatasi nene kama ngozi, maandishi ni ya herufi za Kiarabu lakini lugha ni yetu hii hii. Kwa umri wa karatasi na wino, kiliandikwa kabla Babu hajazaliwa. Nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba kuna kitabu cha babu yake Babu, yule msomi. Nadhani ndicho hiki. Tatizo ni kwamba nusu ya kurasa hazimo, na zilizobaki zimekatwa. Hazijachanwa, hazijaliwa na panya. Zimekatwa kwa mkasi na mtu anayejua kazi yake, na ukurasa mmoja una tundu la kwapa, kama la gauni.

Nilimuuliza Baba kwenye simu, akasema hajui lolote. Baba unamjua, akishasema hajui amefunga duka, mbishi kama mlango uliovimba kwa mvua. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Mkuu wangu anasema kama sehemu iliyobaki haipatikani tuandike kwamba ni vipande visivyosomeka, tuviweke stoo. Kikishaingia stoo hakuna atakayekifungua tena katika maisha yangu.

Mwanao,
Mama Vumbi


14 Mei

Mwanangu Mama Vumbi,

Marahaba. Barua yako nimeisoma, na pale pa mlango uliovimba nimecheka mpaka nikakohoa.

Sasa usizunguke mbuyu na mimi. Hilo tundu la kwapa ni langu. Nilipoanza kujifunza ushonaji, yule mama aliyenifundisha alisema kila mwanafunzi aje na karatasi ngumu za kukatia pateni, vile vielelezo vya kupimia nguo. Nikamwendea baba yangu, yaani Babu yako. Akafungua sanduku, akanipa mkono wangu ukajaa, akasema chukua hizi, zimeshaandikwa, hazifai tena kuandikia. Mimi nani nimbishie? Nikachora mikono, nikachora kola, nikakata. Vile vipande ulivyo navyo ni makosa yangu ya kwanza, aliviokota sakafuni akavirudisha, maana alikuwa mtu asiyetupa kitu.

Zilizofaa ninazo mpaka leo. Zimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango: mbele, mgongo, mikono miwili, kola, na zile za watoto. Nusu ya mji huu imevaa nguo zilizopimwa kwa karatasi hizo. Manesi, maharusi, hata yule hakimu mwenye bega moja chini. Utaniuliza kama ziko salama. Ziko salama kuliko huko kwenu kwenye chafya.

Lakini kuzitoa, hapana. Ndizo mikono yangu hizo. Kuna kingine chochote unachotaka?

Shangazi yako,
Fundi


20 Mei

Shangazi,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Ziko nyuma ya mlango. Wiki mbili hizi natafuta, nawaandikia jamaa mpaka wa mbali, kumbe ziko nyuma ya mlango ninaoingilia kila likizo.

Ngoja nikueleze nimeona nini, labda moyo wako utalainika. Zamani sana mdudu aliingia kwenye kitabu hiki akatoboa kutoka jalada mpaka jalada. Kila ukurasa una tundu lake, na tundu la ukurasa mmoja linalingana na la ukurasa unaofuata, ila limehama kidogo sana, kwa sababu mdudu naye alikuwa anatembea upande. Kwa hiyo nikipanga kurasa kwa njia ya mdudu, najua ipi inatangulia ipi inafuata, na najua ni wapi palipo na pengo. Mdudu aliyekufa zamani sana ananifanyia kazi, na hata chai hajaniomba.

Na kila ukurasa una picha ileile. Ni mapaa ya nyumba, yaliyochorwa kwa mstari mmoja, kama mtu anavyoyaona akiwa dirishani: paa refu, paa fupi, ukuta, tena paa. Juu yake kuna nyota yenye mkia. Ukurasa unaofuata, mapaa ni yale yale, nyota imesogea. Shangazi, kuna mtu alikaa dirishani usiku baada ya usiku akaiangalia nyota ile mpaka ilipokwenda, na hakuna mtu mwingine hapa kwetu aliyeandika habari hiyo ambaye sisi tunamjua. Nilimwita mkuu wangu, naye akavua miwani akaifuta.

Nakuomba. Nitapiga nakala ya kila pateni kwenye manila, ukubwa ule ule, nikuletee kabla hujanipa zako. Hutapungukiwa na kitu. Kwa kuanzia nakutumia nakala ya mkono mmoja, wa vipimo ulivyowahi kunikatia mimi, uujaribu.

Mwanao,
Mama Vumbi


2 Juni

Mama Vumbi,

Manila yako nimeijaribu. Nimemharibia nesi gauni lake la kazini, mkono mmoja umekuwa mwembamba kama soksi. Ilibidi nimshonee jingine kwa kitambaa changu. Karatasi yako inalala. Haina ukingo. Mkono wangu hauitaki.

Nyota nimesikia. Ni habari kubwa, sikatai, na nimeambiwa mimi ni mtu wa nyumba ile, basi na mimi najisikia nimekua kidogo. Lakini nyota ilikwishapita, na nesi anaingia zamu Jumatatu.

Usiniandikie tena habari hii. Niandikie unakula nini.

Fundi


9 Juni

Shangazi,

Nakula vizuri.

Sikutegemea jibu lile kutoka kwako. Kutoka kwa mtu mwingine yeyote ningelielewa. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwa vibandiko vya vitambaa, wewe ndiye uliyemgombeza Baba aliposema kazi ya kupanga karatasi za wafu si kazi. Leo kitabu cha nyumba yetu wenyewe kinataka kuzikwa stoo na wewe unaniambia habari za soksi. Manila ni manila, Shangazi, mafundi wote wanaitumia. Mimi naona umekataa tu kwa sababu umekwisha kukataa, na hupendi kurudi nyuma.

Mkuu wangu ameniambia niandike maelezo ya mwisho kabla ya Agosti. Nitaandika "vipande visivyosomeka" na nitatia sahihi yangu chini. Nilitaka ujue hivyo.

Mwanao


15 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi si mwandishi wa barua, unajua, kwa hiyo vumilia.

Barua yako ya mwisho imefika. Nimemsomea shangazi yako. Zote namsomea mimi, mwanangu, toka ile ya kwanza, na ule mlango uliovimba kwa mvua nimeusoma kwa sauti yangu mwenyewe, mbele yake, huku yeye anacheka na mimi nimeshika karatasi. Tutazungumza siku nyingine.

Hii ya mwisho sikuimaliza. Aliniambia basi, inatosha, akaingia ndani.

Aliniapisha nisikwambie, na leo navunja kiapo. Dada yangu haoni. Anaona mwanga na giza, anaona kwamba kuna mtu mlangoni, lakini uso hauoni, na maandishi hayaoni kabisa. Daktari wa macho alimwambia mishipa imechoka, kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakuna anayejua kitakaa muda gani. Ulipomtania likizo iliyopita kwamba mistari ya barua zake inapanda mlima, alikwenda jikoni akalia. Anaandika kwa kupitisha rula chini ya mkono. Wateja hawajui. Anashona kwa vidole.

Sasa kuhusu pateni. Nimemtazama anavyokata. Anaweka ile karatasi nene juu ya kitambaa, anaikandamiza kwa kiganja, kidole cha kushoto kinatembea ukingoni na mkasi unakifuata. Ukingo ule ni mgumu, anausikia. Manila ikiguswa na kidole inapinda, naye hajui imepinda. Ukimwondolea zile karatasi, kesho anakaa kwenye kiti anangoja apewe chai. Mtu kama yeye hatamaliza mwaka kwenye kiti.

Hakutaka ujue kwa sababu anasema utamhurumia, na akihurumiwa na wewe amekwisha.

Sikukwambia haya ili ujisikie vibaya. Najua utajisikia.

Baba


24 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba, najua unasoma wewe, shikamoo na wewe, na samahani ya mlango.

Shangazi, Baba ameniambia. Usimkasirikie, na kama ni lazima ukasirike, nikasirikie mimi, mimi ndiye niliyeandika maneno yale. Siku ile nilipoisoma barua ya Baba nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za maktaba, wanafunzi wananipita. Nimesomea kuangalia karatasi mpaka naona alama ya kidole cha mtu aliyekufa zamani. Wewe nimekaa nawe likizo nzima, meza moja, na sikuona. Nimeona aibu, Shangazi, na nimeumia.

Kuhusu huruma, nitakuhurumia kidogo tu, basi, halafu tutaendelea.

Hapa kwetu kuna mzee mmoja, fundi wa karatasi. Kazi yake ni kutibu hati zilizooza, na haongei zaidi ya neno moja kwa siku. Nilimweleza yote. Akasikiliza, akaondoka, nikadhani amenipuuza. Baadaye akarudi na kipande kimoja cha kitabu chetu, kile chenye kwapa, akakiweka mkononi mwangu, akaniambia nifumbe macho. Halafu akaniwekea kingine. Sikujua kipi ni kipi. Kile cha pili alikitengeneza mwenyewe, karatasi juu ya karatasi kwa gundi ya unga, akakikandamiza kwenye mashine ya kubania majalada, akakausha, akapaka nta ukingoni. Unene ule ule, ugumu ule ule.

Ninakutumia pateni ya mkono mmoja, kwa vipimo vile vile. Kata nayo kitambaa usichokijali. Ikikukataa, nirudishie, na hizo zako zibaki kwenye msumari, na mimi nitaandika "vipande visivyosomeka" bila kinyongo. Nakwambia kweli. Kitabu nakipenda, lakini sikipendi kuliko wewe ukiwa kazini.

Mama Vumbi


7 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Kaka yangu nilimnunia kutwa nzima, halafu nikashindwa, maana nani mwingine atanisomea.

Nilipewa pateni yako jioni, nikaiweka juu ya meza, sikuigusa. Niliogopa. Nilisema hii ikinikataa, mtoto huyu atajua kweli kwamba nimekwisha. Asubuhi nikanawa mikono, nikatandika shuka la zamani, nikakata. Kidole kilitembea chenyewe. Nilipofika kwenye kona ya kwapa, pale ambapo mimi hupumzika kidogo kabla ya kugeuza mkasi, palikuwepo pale pale. Nikakata wa pili, nikaunganisha, nikamvika mdogo wako wa kiume, amesimama kama mti wa kutundikia nguo. Baba yako akautazama akasema hajui. Nikajua basi ni mzuri.

Mwambie mzee wako wa neno moja kwamba nitamshonea shati. Atume vipimo, lakini atume kwa maneno, si kwa kuandika.

Pateni zangu anakuletea Baba yako mwenyewe. Nimempimia zote kwa kamba yenye mafundo, mzee wako azifuate. Usizitume za kwake kwa posta, zitakunjika. Baba yako arudi nazo mkononi. Mpaka atakaporudi sifanyi kazi, nimewaambia wateja nina mafua. Kwa hiyo fanyeni haraka.

Jambo moja. Mkishaunganisha vipande vyote, je, mtaziba pale nilipokata? Sitaki uzibe. Wala sitaki mtu aandike kwamba karatasi ziliharibiwa. Zilifanya kazi.

Shangazi yako,
Fundi


21 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Baba nimemzuia hapa siku mbili zaidi, asubiri pateni ya mwisho ikauke. Anashinda amekaa kwenye chumba chetu cha kusomea, ametulia kama yuko msikitini au kanisani, mpaka wanafunzi wanamwamkia wakidhani ni profesa. Barua hii nampa aje akusomee mwenyewe, kwa hiyo Baba, soma polepole.

Hatukuziba. Tumeweka kila kipande mahali pake, na palipokatwa panaonekana. Mkuu wangu alisita, nikamwambia hiyo nayo ni historia ya kitabu. Akaandika hivyo.

Sasa nikupe habari. Si kitabu cha yule msomi. Ni cha mkewe.

Ule upande wa mbele wa gauni, Shangazi, pateni yako kubwa kuliko zote, ulikuwa ndio ukurasa wa kwanza. Umeandikwa hivi: "Mume wangu amelala na hajui kuwa nimechukua karatasi zake. Mtoto amekataa kulala nami namnyonyesha dirishani. Kuna nyota yenye mkia juu ya paa la mshona viatu. Sijui ni ya nini. Nitaiandika mpaka iondoke." Nyumba ile ilikuwa na mtoto mmoja tu. Ndiye baba yake Babu. Yaani yule mtoto aliyemshika kwa mkono mmoja, na kalamu kwa mkono wa pili, ndiye aliyesababisha wewe na Baba na mimi tuwepo. Nimesoma sentensi hiyo sijui mara ngapi.

Kila usiku ameandika kidogo. Mtoto ana homa. Mtoto ameota jino. Watu wa mtaani wanaogopa, wanasema ni vita, yeye anasema "mimi naiona ni nzuri, nisamehewe kama ni kosa." Halafu anachora mapaa na nyota.

Kuna kitu kilinisumbua. Mbali na matundu ya mdudu, karibu kila ukurasa ulikuwa na tundu jingine moja, dogo sana, na hilo halikulingana na la ukurasa wa pili. Nililihesabu pamoja na ya mdudu, likanivurugia mpangilio wiki nzima, nikawa namtukana mdudu wa watu. Juzi nikayafunika yale ya mdudu kwa vikaratasi, nikaweka ukurasa mmoja kwenye ile meza yetu ya kioo yenye taa chini. Karatasi ni nene, haipitishi mwanga, maandishi yote yakazama. Lakini pale penye nyota pakatoka nukta moja ya mwanga. Alitoboa kwa sindano, Shangazi. Katika kila ukurasa wenye nyota alitia sindano pale hasa nyota ilipokuwa, ndipo akachora mkia.

Tukafunga mapazia mchana ule. Tukazipanga kurasa zote juu ya kioo, za sandukuni na zako, kwa mstari, matundu ya mdudu na mapengo yote tukiwa tumeyafunika. Taa ikawashwa. Nyota ikapanda kutoka paa la mshona viatu, ikavuka mapaa yote, ikashuka upande wa pili, nuru kwa nuru, usiku kwa usiku. Mzee wa neno moja alikuwa analia na hakujificha. Baba alinishika bega, na Baba, unajua kuwa uliniumiza.

Njoo, Shangazi. Sijui kama utaona. Lakini unaona mwanga gizani, na pale ni mwanga tu.

Mama Vumbi


12 Agosti

Mwanangu,

Nimerudi salama. Kaka yangu alitaka kuniandikia barua hii nikamkatalia. Naandika mwenyewe kwa rula yangu, mistari ikipandana utajua la kufanya, wewe ndiyo kazi yako. Yapo maneno humu sitaki ayasome.

Mliponiingiza kwenye kile chumba na mkafunga mapazia, niliona giza tu, nikasema moyoni nimechelewa, mtoto huyu nitamwambia nini. Nikajiandaa kusema uongo. Nilikuwa nimeshaupanga, kwamba nzuri sana, asanteni. Halafu mkawasha. Nikaona nukta. Nikaona ya pili. Sijaona kitu chembamba namna ile tangu sikumbuki lini, mwanangu, hata sindano yangu mwenyewe siioni. Nikatembea kando ya meza nimekushika mkono nikiziona moja moja na kuzipapasa kingo, na nilijua hii ni mbele ya gauni, hii ni mgongo, hii ni kola ya mtoto, na katika kila moja yumo yule mama na mtoto wake wa kunyonya. Maisha yangu yote nimemshika mikononi. Nilitaka kupiga magoti, ila goti langu unalijua.

Nilipofika mwisho nikakuuliza mbona karatasi hii haina taa. Nikakwambia soma. Ukasoma, "Leo haikuja. Nimekaa naye dirishani, nikachukua kidole chake, nikamwelekeza ilipokuwa." Ukajifanya unakohoa. Nilikusikia.

Ndilo ninalotaka kukuandikia. Mwanangu, naogopa. Kaka yangu nimemwambia nimezoea, na wateja hawajui, na wewe nilikuficha. Lakini asubuhi kabla sijafungua macho naogopa, kila siku, kwamba leo hata dirisha halitakuwepo. Sijawahi kulisema kwa mtu. Sasa nimelisema.

Siku hiyo itafika, daktari hakunificha. Kazi nitaendelea nayo, pateni mpya ni nzuri, nimeshakata magauni mawili na nesi amefurahi. Kwa hilo sina wasiwasi tena, na nimewashukuru. Ninachokuomba ni kingine. Siku hiyo ikifika usinipigie simu kunipa pole. Njoo. Kaa na mimi dirishani, chukua kidole changu, unielekeze vitu vilipo.

Shangazi yako